Wanawake katika vita vya majini vya Afrika Mashariki

'''Wanawake katika vita vya majini vya Afrika Mashariki''' walihudumu hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika kituo cha jeshi la majini la Uingereza huko Kilindini, Mombasa. Katika vita vya majini vilivyopiganwa miaka ya 1914-1915 kwenye delta ya mto Rufiji hapakuwa na mwanamke katika manowari za upande wowote. Kati ya vita hivyo viwili utaratibu ulibadilika, na mabadiliko hayo yalikuwa na gharama: mnamo Februari 1944 wanawake 77 walikufa kwa siku moja katika Bahari ya Hindi, ndani ya meli iliyotoka Mombasa.

== Delta ya Rufiji, 1914-1915 ==

Delta ya Rufiji iko katika mkoa wa Pwani, Tanzania. Sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji. Mto hugawanyika katika mikono mingi yenye misitu ya mikoko kabla ya kuingia baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Manowari ya Kijerumani SMS ''Königsberg'', chini ya nahodha Max Looff, ilijificha humo baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza HMS ''Pegasus'' bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaziba njia zake za kutokea. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa sababu ya uhaba wa kina. Hatimaye zililetwa HMS ''Severn'' na HMS ''Mersey'', meli za mizinga zisizohitaji kina kirefu. Zilishambulia tarehe 6 na 11 Julai 1915 zikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. ''Königsberg'' iliharibiwa vibaya, na mabaharia wake wenyewe wakaimalizia kuizamisha.

Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumiwa nchi kavu na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, na mabaharia wake wengi walijiunga na jeshi hilo. Huko hali ilikuwa tofauti na melini. Wake wa askari Waafrika walifuatana na vikosi pamoja na watoto wao. Walipika, walitwanga nafaka na kubeba mizigo. Kwa hiyo baadhi ya mabaharia wa ''Königsberg'' waliendelea na vita katika misafara iliyotegemea kazi ya wanawake, ingawa wanawake hao hawakuhesabiwa kuwa wanajeshi.

== Kuanzishwa kwa kikosi cha wanawake ==

Uingereza iliunda kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, Women's Royal Naval Service, kwa kifupi WRNS, mnamo Novemba 1917. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka miwili baada ya mapigano ya Rufiji. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Katharine Furse. Shabaha ilikuwa wanawake washike kazi za nchi kavu ili wanaume waende baharini. Wanachama wake waliitwa ''Wrens'', jina la ndege mdogo kwa Kiingereza, kutokana na herufi za kifupi hicho.

Kikosi kilivunjwa mwaka 1919, kikaundwa upya mwaka 1939 chini ya Vera Laughton Mathews. Mwaka 1944 kilikuwa na wanawake zaidi ya 70,000. Walikuwa makarani, wapishi, madereva, mafundi, na wapokeaji wa simu za upepo.

== Kilindini ==

Mnamo Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Baada ya hapo makao ya manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi yalihamishiwa Kilindini. Pamoja nayo ilikuja ofisi ya kusoma ujumbe wa siri wa Wajapani, iliyowekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, Mombasa.

Wrens walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa ofisi hiyo. Baadhi yao walikuwa wametumwa Singapore mwaka 1941, wakahamishiwa Colombo kabla Singapore haijatekwa, kisha Kilindini. Waliokuwa kwenye redio walisikiliza alama za Wajapani na kuziandika kama zilivyosikika. Wengine walisaidia kuzipanga ili wataalamu watafute maana yake. Herufi iliyokosewa ingeweza kuharibu kazi yote iliyofuata. Mwaka 1942 ofisi ya Kilindini ilifaulu kuvunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani, na hivyo safari za meli hizo zikaweza kujulikana mapema. Mwaka 1943 ofisi ilirudishwa Colombo.

== Kuzama kwa ''Khedive Ismail'' ==

Mapema Februari 1944 msafara wa meli 5 za kubeba askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa SS ''Khedive Ismail'', iliyokuwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika. Walikuwemo pia wauguzi zaidi ya 50, Wrens 19, na wanawake wa kikosi cha usafiri.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata nafasi ya kutoka. Nyambizi ilikuwa bado chini ya maji, karibu na watu waliokuwa wakielea. Manowari HMS ''Petard'' na HMS ''Paladin'' zilipaswa kuchagua kati ya kuwaokoa watu hao na kuizuia nyambizi isizipige meli zilizobaki. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yalitupwa, na baadhi ya walionusurika kuzama walikufa kwa milipuko hiyo. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo.

Walikufa watu 1,297. Kati ya wanawake waliokuwemo walipona 6 tu.

== Kumbukumbu ==

Mizinga ya ''Königsberg'' na ''Pegasus'' inaonekana leo pamoja katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Wanajeshi wa nchi kavu waliopotea na ''Khedive Ismail'' wanakumbukwa katika mnara wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Nairobi.

WRNS ilibaki kikosi cha pekee hadi mwaka 1993, ilipounganishwa na jeshi la majini la Uingereza. Wanawake walikuwa wameanza kuhudumu katika manowari zake tangu 1990, miaka 75 baada ya mapigano ya Rufiji.