Kwaya ya Mtu Mmoja: Folki Ilivyokutana na Tarakilishi

Leo naomba tuweke kando habari za seva na misimbo, tuzungumze muziki kidogo. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu msiondoke, kwani hadithi yenyewe imejaa hesabu za tarakilishi kuanzia mwanzo.

Tarehe 30 Septemba 2016 bendi ya Marekani iitwayo Bon Iver ilitoa albamu yake ya tatu, 22, A Million. Ni nyimbo kumi, jumla yake dakika 34 hivi. Bendi hii ilikuwa imejipatia jina kwa folki, ule muziki wa gita la mbao na sauti ya mtu anayeimba kana kwamba ameketi karibu nawe. Albamu hii mpya ilikuja na mambo mengine kabisa: sauti zilizokatwakatwa, ngoma zilizovurugwa mpaka zikakwaruza, vipande vilivyonaswa kutoka kwa rekodi za wengine (Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili, yumo katika wimbo wa kwanza), na mashine za kubadilisha sauti kila mahali. Kwa hesabu ya kawaida, mashabiki wa folki walipaswa kukasirika. Wapo walionung'unika, ni kweli, wakitamani lile gita la zamani. Lakini wengi waliipokea kwa shangwe: iliingia chati za albamu za Marekani na Uingereza moja kwa moja katika nambari 2, kisha ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kwa nini walifurahi? Hilo ndilo swali linalonishughulisha, kwa sababu watu wa folki wana historia ya kutopenda waya za umeme.

Hebu turudi nyuma. Tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la folki la Newport, Bob Dylan alipanda jukwaani na gita la umeme pamoja na bendi yenye kelele. Walipiga nyimbo tatu tu. Baadhi ya wasikilizaji walizomea, na hadi leo watu wanabishana kama walizomea umeme wenyewe, au ubovu wa vipaza sauti uliowafanya wasisikie maneno, au ufupi wa onyesho. Dylan alirudi akiwa na gita la kawaida akawaimbia mbili za kuwatuliza. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, msikilizaji mmoja alimpigia kelele "Yuda!" na kelele hiyo ikanaswa kwenye rekodi. Fikiria mtu kuitwa msaliti kwa sababu ya kuchomeka waya! Ila tusiwacheke. Kwa watu wale folki ilikuwa na ahadi: huyu anayeimba ni mtu kama mimi, hakuna kiwanda kilichosimama katikati yetu. Amplifaya ilionekana kuwa ndicho kiwanda chenyewe.

Sasa upande wa mashine. Homer Dudley, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, alitengeneza vocoder katika miaka ya 1930. Wala hakuwa akifikiria muziki. Alitaka kubana sauti ya mtu ili mazungumzo mengi ya simu yapite kwenye waya mmoja. Ni kazi ileile tunayofanya leo tukibana faili. Katika Vita vya Pili vya Dunia kifaa hicho kiliingizwa katika SIGSALY, mtambo uliotumiwa tangu 1943 kuficha mazungumzo ya simu ya viongozi wa Marekani na Uingereza. Miaka mingi baadaye ndipo wanamuziki wakakiokota.

Auto-Tune nayo ilitoka mbali vilevile. Andy Hildebrand alikuwa mtaalamu wa kuchanganua mawimbi yanayopita ardhini ili kujua mafuta yako wapi. Hesabu za kutafuta mwendo unaojirudia ndani ya mawimbi zilimfaa pia kupata kimo cha sauti ya mwimbaji, kisha kuisukuma hadi kwenye noti iliyo karibu. Programu hiyo ilitoka 1997. Mwaka 1998 Cher alitoa "Believe", ambamo programu ilikazwa mno hadi sauti ikawa inaruka kama ngazi. Watayarishaji wake mwanzoni waliwaambia waandishi kwamba walitumia kifaa kingine, ili wasiibiwe ujanja wao. Mafundi wa sauti hawana tofauti na sisi watengenezaji wa programu: msimbo ukifanya kazi vizuri, wauficha.

Folki na mashine zilianza kuzoeana taratibu. Beth Orton wa Uingereza alitoa Trailer Park mwaka 1996, gita la folki juu ya midundo ya disko. Kieran Hebden, anayejiita Four Tet, alitoa Pause mwaka 2001 na Rounds mwaka 2003, nyuzi na kengele zilizokatwa na kupangwa upya kwenye tarakilishi nyumbani kwake. Wasikilizaji waliipenda, lakini lilikuwa kundi dogo.

Ndipo tunafika kwa Justin Vernon, mwenye Bon Iver. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi mno: bendi yake ya awali ilivunjika, akaugua, akarudi Wisconsin na kukaa miezi ya baridi kali ya 2006 kuingia 2007 katika kibanda cha mawindo cha baba yake. Akatoka na nyimbo za For Emma, Forever Ago, akazitoa mwenyewe mwaka 2007 kabla kampuni ndogo ya Jagjaguwar haijazichukua mwaka 2008. Watu waliipenda albamu ile kwa sababu ya kibanda. Theluji, kuni, upweke, gita. Jina lenyewe la bendi limetokana na maneno ya Kifaransa ya kutakiana majira mema ya baridi.

Lakini sikilizeni vizuri. Ndani ya kibanda kile kulikuwa na tarakilishi! Ile sauti iliyowaliza watu haikuwa sauti moja. Vernon alijirekodi akiimba juu, akarudia, akarudia tena, tabaka juu ya tabaka, hadi mtu mmoja akawa kwaya nzima: soprano, alto, tena na besi, wote ni yeye. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa anajua kwamba jambo hilo haliwezekani bila mashine. Kibanda kilimpa Vernon upweke aliokuwa akiimba. Kwaya ilitoka kwenye diski.

Hapo ndipo naona jibu lilipo. Tunaambiwa kwamba Bon Iver walihama kutoka kibandani wakahamia kwenye mashine, na wasikilizaji wakawa waungwana wakawasamehe. Mimi sioni msamaha wowote. Naona watu waliomtambua mtu waliyemjua, kwa sababu alikuwa anafanya kilekile alichokifanya tangu mwanzo.

Hatua ya katikati ilikuwa "Woods", wimbo wa mwisho katika Blood Bank ya mwaka 2009. Hakuna gita humo. Hakuna ngoma. Ni sauti yake tu ikipita kwenye Auto-Tune, akijirudia na kujiongeza hadi wimbo unafurika. Ni wimbo wa mtu aliye peke yake porini, nao umetengenezwa kwa kifaa kilichokuwa kikilaumiwa wakati huo kwamba kinaua uimbaji. Kanye West aliusikia akamwita Vernon, na sauti ile ikatokea ndani ya "Lost in the World" mwaka 2010. (Kwa wasomaji wa hapa nyumbani: ni Kanye huyohuyo ambaye mwaka 2018, katika "Yikes", alinasa "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya Kenya ya miaka ya 1970 ambayo Ayub Ogada aliipitia kabla ya dunia kumjua kwa nyatiti. Sikio la jamaa huyo husafiri.)

Baada ya albamu ya pili, ya mwaka 2011, na tuzo mbili za Grammy mwaka 2012, Bon Iver walinyamaza. Kimya kilikuwa kirefu. Tarehe 12 Agosti 2016, katika tamasha la Eaux Claires huko Wisconsin, nyumbani kabisa kwa Vernon, walipanda jukwaani wakapiga 22, A Million nzima. Umati ule ulisimama ukasikiliza albamu ambayo ilikuwa bado haijauzwa dukani, na ambayo karibu kila mtu alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Mtu wa kuogopa wasikilizaji wake asingethubutu. Newport ya 1965 nayo ilisikia nyimbo mpya, na mnajua kilichotokea.

Kilichobadilika kati ya "Woods" na jukwaa lile ni kitu ambacho watu wa programu watakipenda. Fundi wa studio yake, Chris Messina, alisaidia kuunganisha programu na vifaa ambavyo baadaye viliitwa kwa jina lake, "the Messina". (Si yule Chris Messina aliyependekeza alama ya reli, #, itumike Twitter mwaka 2007. Majina tu yamefanana. Nami nakiri ingekuwa hadithi tamu zaidi kama angekuwa yeye.) Mwimbaji anaimba noti moja kwenye maikrofoni huku vidole vikibonyeza noti kadhaa kwenye kinanda, na mashine inaichukua sauti yake na kuipeleka kwenye noti zote hizo papo hapo.

Neno muhimu hapo ni papo hapo. Kule kibandani kwaya ilijengwa kwa mafungu: rekodi, rudi nyuma, rekodi tena. Kwa Messina kwaya inazaliwa mtu anapofungua kinywa, naye anaisikia akiwa bado anaimba. Akitetemeka, wanakwaya wote wanatetemeka. Akichelewa kupumua, kwaya nzima inakata. Auto-Tune ya kawaida huja baada ya kazi kwisha, kama mhariri, ikafuta makosa. Hii haifuti kitu, bali inazidisha kila kinachoingia, pamoja na udhaifu. Sikilizeni "715 - CR∑∑KS": ni sauti na mashine hiyo tu kwa dakika mbili na ushee, na inasikika mtu akiwa karibu kuvunjika. Wale wa 1965 walilalamikia umeme uliofunika maneno na kumweka mwimbaji mbali. Umeme wa 2016 ulimleta Vernon karibu mno, hadi unasikia koo lake.

715, kama mnajiuliza, ni kodi ya simu ya eneo lake huko Wisconsin. Majina ya nyimbo zote kumi yana nambari na alama za ajabu, na hapa mtengenezaji wa programu lazima anung'unike kidogo. Ile ∑ ni alama ya jumla ya kihisabati, U+2211 katika Unicode. Ukiitafuta kwa Σ ya alfabeti ya Kigiriki, U+03A3, kwa jicho zinafanana lakini tarakilishi inakwambia wimbo haupo. Nashuku hakuna albamu ya folki iliyowahi kuwasumbua wenye hifadhidata kiasi hicho. Mashabiki nao walikaa wakifumbua alama hizo kama mafumbo ya gazetini, na hiyo pia ilikuwa sehemu ya raha yao.

Albamu ya nne, i,i, ilitoka 2019 ikiwa na mashine zilezile, na safari hii ikateuliwa Grammy ya albamu ya mwaka. Kufikia hapo ubishi ulikuwa umepoa kabisa.

Kwa wanaotaka kusikiliza wenyewe, fuateni mpangilio huu: "The Wolves (Act I and II)" kutoka albamu ya kibanda, kisha "Woods", kisha "715 - CR∑∑KS", bila kupumzika katikati. Tumieni vipokea sauti vya masikioni, tafadhali. Spika ya simu itameza besi zote, na nusu ya kwaya itakuwa imeenda nyumbani.