Mfugaji wa Marsabit na Kodi ya Miezi Sita: Hoja Kuhusu Kuishi Vyema na Upungufu wa Umakini

Tangu mwandishi Thom Hartmann aandike mwaka 1993 kwamba mwenye upungufu wa umakini ni mwindaji aliyejikuta katika dunia ya wakulima, dai hilo limesafiri mbali kuliko ushahidi wake. Limewafariji wengi, nami sina ugomvi na faraja. Ninachokipinga ni hitimisho linaloburutwa nyuma yake, kwamba hali hii ni kipawa na kasoro iko kwa jamii tu.

Kuhusu hali yenyewe wataalamu hawabishani sana: huanza utotoni, hurithiwa kwa kiwango kikubwa, na wengi huingia nayo utu uzimani. Ubishi upo katika namna ya kuishi nayo, na hapo watetezi wa mwindaji hukimbilia Marsabit.

Mwaka 2008 mwanaanthropolojia Dan Eisenberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume wapatao 150 wa Kiariaal, wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wenye asili ya Wasamburu na Warendille. Baadhi walikuwa wakihamahama na mifugo, wengine wameshahamia maisha ya kilimo. Watafiti walitazama aina moja ya jeni ya DRD4, ambayo tafiti nyingine ziliihusisha na upungufu wa umakini. Kwa wahamaji, wenye aina hiyo walikuwa na afya ya mwili bora kuliko wasio nayo. Kwa waliotulia kijijini mambo yaligeuka: wenye nayo ndio waliokonda.

Dai la kipawa hudandia hapo. Lakini kilichopimwa ni lishe ya mwili, si umakini, na jeni hiyo peke yake huongeza uwezekano wa hali hii kwa kiasi kidogo tu. Ninachokiona katika matokeo yale ni urithi mmoja, mahali pawili, hatima mbili. Mbuzi anayetoka kundini huonekana papo hapo, na uzembe hulipiwa kabla ya jua kuzama. Barua inayosubiri jibu kwa wiki tatu haitoi sauti. Tafsiri hii ni yangu, haimo katika vipimo vyao, ila inakubaliana na hoja ya mwanasaikolojia Russell Barkley: mwenye hali hii kwa kawaida anajua la kufanya, anachoshindwa ni kuufanya wakati ujao uongoze kitendo cha sasa. Kwa hiyo msaada lazima uwekwe pale pale kitendo kinapotakiwa.

Namfahamu mtu, Dar es Salaam, aliyehamishwa nyumba mara mbili kwa kushindwa kukusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ingawa mshahara wake ulitosha. Mtu huyo huyo hajakosa kuchangia mchezo, yaani upatu, hata mara moja kwa miaka minne, kwa sababu kijumbe anayekusanya michango hubisha hodi kila Ijumaa. Kwa mwenye nyumba ni mzembe. Kwa kijumbe ni mwaminifu. Hakubadilika tabia alipokuwa akitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kilichotofautiana ni umbali wa deni.

Watasema hivi ni kumtegemeza mtu mzima kwa wengine. Sioni aibu hapo: mchezo wenyewe umesimama juu ya kutegemeana. Wengine watauliza kuhusu dawa. Katika utafiti wa MTA wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 1999 kwa watoto 579, dawa iliyosimamiwa kwa makini ilionyesha ubora baada ya miezi 14. Kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ya matibabu ilikuwa imetoweka. Wapo wanaolitumia hilo kuikataa dawa. Mimi nakumbuka kwamba usimamizi ule nao ulikoma kwenye miezi 14. Huenda kilichokwisha ni kijumbe.

Na nawasihi wanaosema kipawa wasome takwimu za Denmark za mwaka 2015: hatari ya kufa mapema kwa wenye hali hii ilikuwa takriban mara mbili, ajali zikitangulia miongoni mwa sababu. Mzazi aliyezika hastahili kuambiwa neno hilo.

Dodoso za kliniki zetu huuliza mtu husahau nini, hupoteza nini, hukatiza maneno ya nani. Ningependa ziongezewe swali moja: ni deni gani hujawahi kukosa kulilipa, na nani hukudai?