Daktari wa Shangi na vidonge vya Brussels

Daktari wa magonjwa ya akili aliishi kwenye ufuko wetu wa Ziwa Kivu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ila hakuja kumtibu mtu. Richard Kandt, Mjerumani mzaliwa wa Posen, aliwahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bayreuth kabla ya kuipa kisogo na kuja Afrika kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alifika Rwanda mwaka 1898, akajenga nyumba Shangi, juu ya ziwa, akaiita Bergfrieden. Alichora ramani ya Kivu, akafuata mito msituni, mwaka 1904 akachapisha kitabu chake Caput Nili, na mwaka 1907 akaenda kuanzisha Kigali. Leo Shangi iko Wilaya ya Nyamasheke, lakini sisi tuliokulia mkoa mmoja wa Cyangugu, kabla haujagawanywa mwaka 2006, bado tunaihesabu kuwa ni kwetu.

Namtaja Kandt kwa sababu kazi aliyoiacha Bayreuth ndiyo niliyoifanya mimi hadi kustaafu. Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya upande huu, Wilaya ya Rusizi. Hapa kila mgonjwa humwita mwenye koti jeupe muganga, awe daktari au mfagiaji, basi na mimi niliitwa muganga. Na kila nikifikiria historia ya kazi yetu, naona pengo refu kati ya yule daktari wa Shangi na muuguzi wa kwanza aliyekaa kwenye kiti hapa Rusizi akamuuliza mtu: unalala vizuri?

Pengo hilo halikuwa tupu. Lilijazwa na waganga wa jadi, na kanisa, na pombe ya ndizi, na tumbaku. Bibi yangu mzaa mama alivuta kiko. Wajukuu hatukuona ajabu, maana wanawake wazee wa vilima vyetu walivuta kama waume zao, na tumbaku ilipandwa pembeni mwa nyumba, hatua chache tu kutoka jikoni. Mgeni alipewa pombe, kisha moto wa kiko. Aliyefiwa alikaa na kiko chake siku nzima na hakuna aliyemsumbua. Sisemi kwamba wazee walikuwa wakijitibu. Ningekuwa nawavisha nguo za shule yangu. Lakini nikotini huinua moyo kwa dakika chache, kisha huudai tena, na mtu mwenye huzuni ndiye hulilipa deni hilo mara nyingi zaidi. Mpaka leo, wenye sonona huvuta zaidi kuliko wengine na huona tabu zaidi kuacha.

Hospitali ya akili ilipokuja, ilikuja mbali. Kabla yake, aliyesumbua mtaa alifungwa kamba nyumbani au aliishia gerezani. Mwaka 1972 watawa wa Frères de la Charité walianza kupokea wagonjwa Ndera, karibu na Kigali. Kutoka mji wetu wa Kamembe ni zaidi ya kilomita mia mbili, nawe unaupita msitu wa Nyungwe mzima. Familia ilimpeleka Ndera yule tu aliyekwisha kuvunja milango. Mwenye huzuni ya kimya, asiyekula, asiyesema, hakupelekwa popote. Alipewa kiko.

Ikaja 1994, na mauaji ya kimbari. Wilaya yetu inajulikana kwa uwanja wa Kamarampaka, kwa kambi ya Nyarushishi walikookokea watu, na kwa daraja la Rusizi, ambalo katika miezi ya Julai na Agosti lilivukwa na umati uliokimbilia Bukavu, Kongo. Ndera nayo ilishambuliwa, wakauawa wagonjwa na waliokimbilia humo. Kwa miaka mingi baadaye nchi nzima ilikuwa na daktari mmoja tu Mnyarwanda wa magonjwa ya akili, Naasson Munyandamutsa, aliyerudi kutoka Geneva na kufariki mwaka 2016. Wengi wetu tuliosomea uuguzi huu Kigali tulipitia mikononi mwake au mwa wanafunzi wake. Katikati ya miaka ya 2000 huduma ikashushwa hadi hospitali za wilaya, ndipo nikarudi nyumbani na kabati la dawa lenye rafu mbili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta sonona kwa asilimia 12 ya watu, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari asilimia 35. Nilipozisoma tarakimu hizo sikushtuka. Nilikuwa nimeziona zikikaa kwenye benchi langu.

Katika kabati lile dawa za sonona zilikuwa hasa mbili, amitriptilini na fluoksetini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomsaidia mtu kuacha sigara. Wengi walijaribu kuzitumia hivyo, wakakata tamaa bure. Dawa ya sonona inayosaidia kuacha sigara ni nyingine, nayo ilitufikia kwa mlango wa nyuma.

Jina lake ni bupropioni. Iliundwa na Nariman Mehta mwaka 1969 katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Marekani iliiruhusu mwaka 1985 kwa jina la Wellbutrin, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni, kwa kuwa waliopewa dozi kubwa walianguka kifafa, hasa katika utafiti wa watu wenye maradhi ya kula kupita kiasi na kujitapisha. Ikarudi mwaka 1989 na mpaka mpya: si zaidi ya miligramu 450 kwa siku. Habari ya sigara ilizuka hospitalini. Linda Ferry, daktari wa wanajeshi wastaafu huko Loma Linda, California, aliona wavutaji waliokuwa wakinywa dawa hiyo wakipoteza hamu ya sigara. Mwaka 1997 ikaidhinishwa kwa kazi hiyo kwa jina jipya, Zyban. Katika jaribio lililochapishwa mwaka huo, la wavutaji 615, waliokuwa bado hawavuti baada ya mwaka walikuwa kama asilimia 23 kwa waliopewa miligramu 300, na 12 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Napenda kuzitaja tarakimu hizi kwa wanaodhani kidonge ni ufunguo. Kinazidisha karibu maradufu idadi ya wanaofaulu, na bado watatu kati ya wanne wanabaki na sigara zao.

Ruhusa mbili na majina mawili kwa dawa moja: jambo hilo dogo la kibiashara ndilo lililonifikia Rusizi ndani ya mfuko wa nailoni.

Aliyeubeba alikuwa mzee wa Bugarama, mstaafu wa kiwandani, Mswahili kama wengi wa bonde lile la mpunga. Mwanawe wa Brussels alimletea sanduku la Zyban, na mkwewe akaongeza la Wellbutrin lililobaki kwake. Akaviweka vyote mezani kwangu.

"Muganga, hii ni ya sigara. Hii ingine ni ya mawazo. Nitakunywa zote, siyo?"

"Umeshaanza, baba?"

"Bado. Niliogopa kidogo. Wanasema hii ya mawazo ni ya wazimu."

Woga huo ulimlinda, ingawa kwa sababu isiyo yake. Nilimsomea maandishi madogo chini ya kila jina: ni kitu kilekile. Angezinywa zote kwa dozi kamili angefika miligramu 600 kwa siku, na kati ya 450 na 600 hatari ya kuanguka hupanda karibu mara kumi. Kwa dozi ya kawaida ya kuachia sigara, miligramu 300, huanguka kama mtu mmoja kati ya elfu moja. Ni hatari ndogo, mradi mtu amechujwa kwanza.

Na kuchuja ndiyo kazi yenyewe. Vitabu vinasema: muulize mgonjwa kama ana kifafa. Kwetu swali hilo halina jibu la kweli. Kifafa huogopwa kama ugonjwa wa kuambukiza, huvunja uchumba, hufichwa hata kwa mke. Mwalimu wangu wa mafunzo ya vitendo, mwanamke mkali aliyevuta sigara nyuma ya jiko la hospitali, alitufundisha tusiulize ugonjwa, tuulize moto. "Umewahi kuangukia jikoni?" Kisha tuangalie mikono na shingo, kwa sababu aliyeanguka karibu na mafiga hubaki na kovu ambalo hawezi kulikana. Sijaona swali hilo katika mwongozo wowote uliochapishwa, lakini naamini limeokoa watu wengi kuliko miongozo.

Nilimuuliza mzee. Akavuta mkono wa shati chini. Nikasubiri. Alipoupandisha, kovu lilianzia kifundo cha mkono hadi kiwiko.

"Nilikuwa mutoto. Ilinipata mara mingi, halafu ikaisha."

Bupropioni haikuwa yake tena, hata kwa kidonge kimoja. Daktari wetu alikubali na kuandika hivyo kwenye daftari.

Maswali mengine yalifuata kwa kila aliyekuja na sanduku la namna hiyo, na hawakuwa wachache. Bukavu ni ng'ambo ya daraja, ndugu wa Ulaya hutuma, na dawa huvuka pamoja na nyanya na sabuni. Unakunywa pombe kiasi gani, na je, umeiacha ghafla wiki hii? Mlevi anayekata pombe siku moja na kuanza dawa hii yuko hatarini zaidi kuliko asiyekunywa, na kwetu anayeokoka kanisani huacha pombe na sigara Jumapili ileile. Unatumia tramadoli? Umemeza dawa ya malaria? Bugarama ni bonde la mbu, na baadhi ya dawa za malaria humsogeza mtu karibu na degedege. Una dawa nyingine ya sonona nyumbani? Presha yako imepimwa lini? Halafu lile la kwetu hasa: utakikata kidonge? Hapa vidonge hukatwa nusu ili vitoshe wawili, au husagwa kwenye uji. Hiki hutengenezwa kiachie dawa polepole. Ukikikata, kinamwaga yote kwa mkupuo.

Anayefaa huanza kimoja cha miligramu 150 asubuhi kwa siku chache, kisha viwili, vikiachana kwa saa nane au zaidi, cha pili kisikaribie usiku maana huiba usingizi. Anaendelea kuvuta wiki moja au mbili za kwanza, jambo lililowachekesha wagonjwa wangu, hadi siku aliyoiweka ya kuacha. Matibabu huchukua wiki saba hadi kumi na mbili. Na nyumbani awepo mtu aliyeambiwa aangalie: kama mgonjwa anabadilika, hasa kijana, anakuwa na hasira ngeni au anataja kufa, aletwe mara moja. Mwaka 2009 Wamarekani walibandika kwenye dawa hii onyo kali juu ya mabadiliko ya akili kwa wanaoacha sigara; mwaka 2016, baada ya jaribio kubwa la watu zaidi ya 8,000, wakaliondoa, na kubakisha lile la fikra za kujiua kwa vijana wanaotumia dawa za sonona. Mimi sikuondoa chochote. Kumwambia mke aangalie hakugharimu kitu.

Jambo moja hakuna aliyenifundisha, nililiokota kwa wagonjwa. Moshi wa sigara hulifanya ini lisage kahawa haraka. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo hudunda, mikono hutetemeka, nawe unadhani ni kukosa sigara, ama dawa imekuharibu. Sisi ni watu wa kahawa. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na miche iliyopandwa pale miaka ya mwanzo imeipa jina aina ya kahawa inayojulikana mpaka leo. Niliwaambia wanaoacha sigara wapunguze vikombe kwa nusu. Wengi waliona hilo ni gumu kuliko sigara yenyewe.

Mengine yalikuja kwa karatasi za serikali. Rwanda iliridhia mkataba wa kimataifa wa tumbaku mwaka 2005, sheria ya udhibiti ikatoka mwaka 2013, shisha ikapigwa marufuku Desemba 2017, na mwaka 2018 ikaundwa mamlaka ya chakula na dawa, hata masanduku ya mifukoni yakaanza kuulizwa yanatoka wapi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza bupropioni katika orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya kuacha sigara. Kuwemo katika orodha na kuwemo katika kabati ni safari mbili tofauti, na mimi nilistaafu nikiwa na kabati.

Mzee wa Bugarama alimkabidhi mfamasia masanduku yote mawili yateketezwe, akinung'unika kwamba mwanawe alitoa yuro nyingi. Huzuni yake tuliishughulikia kwa fluoksetini, kwa mazungumzo ya kila wiki, na kwa kumwita binti yake aliyekuwa hasemi naye. Sigara alipanga tarehe, akaacha, akarudia msibani, akapanga tarehe nyingine. Kahawa alikataa katakata kuipunguza, tukabishana juu yake hadi mwezi wangu wa mwisho kazini.