Feni kubwa, mwendo wa polepole: Kigoma na historia ya upepo wa darini

Februari 1914, miaka tisa baada ya kazi kuanza Dar es Salaam, reli ya kati iliufikia ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kilomita zipatazo 1,250 za chuma ziliishia Kigoma, na mwishoni mwake likasimamishwa jengo la stesheni ambalo bado linautazama ukingo wa ziwa: kuta nene, dari za juu, matao mapana. Watawala wa Kijerumani hawakuweka urembo huo kwa fahari peke yake. Jengo ndilo lililokuwa chombo chao cha kupambana na joto. Ukuta mnene huchelewesha jua kuingia ndani, dari ya juu huipa hewa moto mahali pa kupanda, na matao huupisha upepo.

Ujiji, kilomita chache kusini, ilikuwa imeshalijua jambo hilo muda mrefu. Wasafiri Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, watu walikuwa wakiishi kwenye tembe za udongo mnene zenye baraza, chini ya vivuli vya miembe. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukashuka kutoka vilimani kwenda majini. Aliyejua kupanga mlango na baraza yake alipata upepo bila kulipia.

Leo hesabu imebadilika. Maghala, viwanda vidogo vya mawese na sabuni, kumbi, misikiti na makanisa hujengwa kwa paa la bati lililo pana na la juu, na joto la bati halingoji upepo wa jioni. Ziwa lenyewe pia limebadilika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba joto la hewa na la maji ya Tanganyika limepanda huku upepo ukipungua, hata maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Upepo uliokuwa wa bure sasa unatafutwa darini, na sokoni kuna feni za kiwanda zenye kipenyo cha mita tano hadi saba. Nyingine zina gia kati ya mota na mapanga, nyingine hazina. Ipi inatoa hewa nyingi kwa uniti chache? Jibu linaanzia mbali, na sehemu yake moja ilipitia bandari ya Kigoma.

Kutoka kamba hadi cherehani

Kabla ya umeme, upepo wa darini ulikuwa kazi ya mikono. Nchini India watumishi walikaa kutwa wakivuta kamba iliyopunga kitambaa kipana juu ya vichwa vya mabwana zao. Huko Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahoteli na migahawa ilifunga mapanga darini na kuyazungusha kwa mikanda mirefu iliyotoka kwenye gurudumu la maji au injini ya mvuke. Injini moja iliendesha safu nzima ya feni, na nguvu nyingi ikapotelea kwenye mikanda na kapi kabla ya kulifikia panga.

Aliyeuondoa mkanda ni Philip Diehl, fundi mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefanya kazi na kampuni ya cherehani ya Singer kule New Jersey. Katika miaka ya 1880 aliichukua mota aliyokuwa ameibuni kwa ajili ya cherehani, akaifunga darini na kuitia mapanga. Mwaka 1889 akapata hataza. Kila feni ikawa na mota yake, na mota ikalizungusha panga bila mkanda wala kapi. Pangaboi tulilolizoea, lenye mapanga matatu na kipenyo cha inchi 56, ni mjukuu wa wazo hilo: halina gia. Koili zimetulia katikati, ganda la nje linazunguka, na mapanga yamefungwa kwenye ganda.

Kwa maana hiyo kuendesha panga moja kwa moja ni jambo la zaidi ya miaka 130. Jipya ni kuliwezesha panga la mita saba lifanye hivyo.

Umeme unaifuata reli

Katika Tanganyika, umeme wa kwanza wa umma uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliikabidhi kazi hiyo kwa kampuni binafsi mbili: TANESCO kwa upande wa Tanga na kaskazini, na DARESCO kwa Dar es Salaam na miji ya reli ya kati, yaani Dodoma, Tabora na Kigoma. Umeme ulifuata njia ileile iliyopitiwa na reli, na pangaboi likafuata umeme.

Mji wa Kigoma ulibaki kisiwa cha umeme kwa miongo mingi. Mitambo yake ilikula dizeli, na dizeli ilisafirishwa kutoka mbali. Kwa kuwa bei ya uniti nchini ni moja, mteja wa mitaa ya Mwanga au Ujiji hakuiona gharama halisi ya kuzungusha feni yake. Ilibebwa na shirika. Mwaka 2022 mkoa ulianza kuingizwa katika gridi ya taifa. Mto Malagarasi nao, kwenye maporomoko ya Igamba, ukapangiwa mtambo wa megawati 49.5, na mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake. Wamarekani, kupitia shirika lao la misaada la MCC, walikuwa wamekusudia kujenga hapohapo kabla ya mpango huo, wakaacha kwa sababu za mazingira na viumbe vya mto huo. Badala yake walifadhili umeme wa jua katika shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya vya Kigoma. Mahali panapotumia betri, kila wati huhesabiwa, na hapo ndipo ubora wa mota ulipoanza kuwa jambo la maana hata kwa feni ndogo.

Funzo la meli iliyofika kwa masanduku

Mainjinia wa meli waliijua kanuni ya feni kubwa kabla ya mainjinia wa majengo. Meli ya Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, ikafumuliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kisha Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi nyingi ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ilisukumwa na injini mbili za mvuke. Injini za aina hiyo huzunguka polepole kwa asili yake, kwa hiyo shafti hutoka kwenye injini na kwenda moja kwa moja hadi kwenye pangaboya kubwa lililo majini. Katika miaka ya 1970 Liemba ilibadilishiwa injini ikawekewa za dizeli. Kwa kawaida dizeli ya meli inayozunguka kasi huhitaji gia za kupunguza mwendo, kwa sababu panga kubwa linalozunguka taratibu huyasukuma maji vizuri kuliko panga dogo linalokimbia.

Hewa inafuata kanuni hiyohiyo. Ukikiongeza kipenyo cha feni mara mbili, eneo linalofagiwa na mapanga linakuwa mara nne. Kwa kiasi kilekile cha hewa kila dakika, kasi ya hewa inashuka hadi robo, na nguvu inayohitajika, kwa hesabu ya nadharia, inabaki sehemu moja tu ya 16. Na kwa feni yoyote ile, ukiupunguza mwendo hadi nusu, hewa inapungua hadi nusu lakini nguvu inashuka hadi sehemu moja ya nane.

Ng'ombe, gia na sumaku

Kanuni ilijulikana, ila mtu wa kuitumia darini alichelewa kutokea. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko California, Walter Boyd aliunda feni kubwa za mwendo wa taratibu kwa ajili ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa, kwani ng'ombe aliyeelemewa na joto hupunguza maziwa. Mwaka 1999 kampuni nyingine ikaanzishwa Lexington, Kentucky, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Big Ass Fans. Kutoka mabandani feni hizo zilihamia maghalani, kisha viwanja vya ndege na kumbi za michezo.

Feni za kwanza zilikuwa na gia, na sababu yake ni ya kihesabu. Mota ya kawaida ya viwandani, kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, hukimbia karibu mara 1,500 kwa dakika. Feni ya mita saba hutakiwa izunguke kama mara 60. Ili mota ya aina hiyo ifike mwendo huo bila gia, ingehitaji ncha 100 za sumaku. Giaboksi lilikuwa rahisi zaidi.

Kilichobadilisha mambo ni sumaku za kudumu zenye nguvu pamoja na kifaa cha kielektroniki kinachobadilisha mizunguko ya umeme kwa sekunde kabla haujaingia kwenye mota. Sasa mota pana na fupi inaweza kutoa nguvu kubwa ya kuzungusha huku ikienda taratibu, na mapanga yakafungwa juu yake. Teknolojia hiyohiyo imeingia kwenye pangaboi dogo: la zamani hula wati 70 hadi 80, la mota ya sumaku hula karibu 30.

Kuzilinganisha bila kudanganywa

Wauzaji hupenda kusema kwamba feni isiyo na gia huokoa umeme kwa kuwa haina gia. Ni kweli nusu. Gia nzuri yenye meno ya kulala hupoteza asilimia chache tu. Gia ya parafujo ndiyo hupoteza zaidi. Faida kubwa ya mota ya sumaku huonekana feni inapopunguzwa mwendo, kwa sababu ubora wake haushuki haraka kama wa mota ya kawaida. Tena haina mafuta ya kubadilisha wala ya kuvujia magunia ya chini, na kelele yake ni ndogo.

Kasoro zake nazo zijulikane. Kifaa cha kielektroniki hakipendi umeme unaopanda na kushuka ghafla wala radi, na bonde la Tanganyika lina radi nyingi msimu wa mvua. Mota ya kawaida ikiungua, fundi wa kusuka koili anapatikana mjini. Beringi na kapasita zipo madukani. Bodi ya mota ya sumaku ikiharibika, mara nyingi huagizwa. Anayenunua feni isiyo na gia Kigoma anunue na kinga ya umeme, na aulize vipuri viko wapi kabla ya kuuliza bei.

Hesabu ndogo inaonyesha faida iko wapi hasa. Feni moja ya mita saba hufagia eneo karibu sawa na mapangaboi 24 ya inchi 56. Mapangaboi hayo yakiwa ya zamani, wati 75 kila moja, kwa saa kumi yatakula uniti 18. Yakiwa ya sumaku, wati 30, ni uniti 7.2. Feni kubwa yenye mota ya kilowati 1.5 ikiendeshwa kwa kasi yote hula uniti 15, yaani inashindwa na mapangaboi mapya. Ikishushwa hadi nusu ya mwendo, nadharia inasema chini ya uniti mbili. Ukiongeza upotevu wa mota na kifaa chake, tuseme tatu.

Ndiyo maana takwimu ya kasi ya juu pekee haitoshi. Maabara hupima hewa na wati katika viwango kadhaa vya mwendo, na Marekani imeweka masharti ya ubora kwa feni za darini, kubwa kwa ndogo, tangu Januari 2020. Mnunuzi adai jedwali hilo lote: hewa kwa kila wati kwenye mwendo mdogo, wa kati na wa juu. Maneno kama «inafunika mita za mraba kadha» hayana kipimo kimoja kinachokubalika.

Na jengo nalo liulizwe. Mapanga makubwa yanapaswa kuwa angalau mita tatu juu ya sakafu, na nafasi ibaki kati yake na paa. Duka la kawaida la Mwanga halina urefu huo. Mapangaboi madogo ya sumaku yanalitosha. Ghala la bandarini au ukumbi wenye paa la juu ndipo mahali pa feni kubwa. Kumbuka pia kwamba feni haipunguzi joto la hewa. Huharakisha jasho kukauka, na upepo mwepesi humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi mbili hadi tatu. Kuiwasha mahali pasipo na mtu, mnyama wala kitu cha kukaushwa ni kuunguza uniti bure.

Kwa hiyo kwa mwenye ghala Kigoma, gia ni swali la tatu. La kwanza ni urefu wa jengo, la pili ni mwendo atakaoutumia saa nyingi za siku. Akiwa na jengo la juu na nia ya kuiacha feni izunguke taratibu kutwa, isiyo na gia italipa gharama yake. Akitaka kasi kubwa kwa saa mbili tu kila siku, yenye gia, ambayo fundi wa mjini anaweza kuifungua na kuifunga, itaongeza gharama ya umeme kidogo tu, na matengenezo yake yatakuwa nafuu.