Ukaidi Uliolelewa Kambini Fairchild

Tarehe 24 Juni 1994, katika kambi ya Jeshi la Anga ya Fairchild karibu na Spokane, Marekani, ndege ya mabomu aina ya B-52 ilianguka ikiwa kwenye mazoezi ya maonyesho. Maafisa wote wanne waliokuwamo walikufa. Njia ya kutua ilikuwa na ndege nyingine, kwa hiyo rubani, Luteni Kanali Arthur Holland, aliomba kuuzunguka mnara wa kuongozea ndege, akakata kona kali akiwa futi 250 hivi tu kutoka ardhini. Ndege ikiinama nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hulazimika kubeba mara mbili ya uzito wake. Holland alivuka hapo, mwendo ukapungua, dude lile likalala ubavu na kuporomoka.

Ni kweli, usukani ulikuwa mkononi mwake. Lakini kosa hilo halikuzaliwa siku ile. Tangu 1991 alikuwa akikiuka mipaka mbele ya watazamaji, na Machi 1994, huko Yakima, aliruka ukingo wa kilima kwa futi tatu hivi. Na huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha kupima iwapo marubani wenzake wanafuata kanuni! Luteni Kanali Mark McGeehan, kamanda wa kikosi cha ndege za mabomu kambini hapo, aliomba Holland azuiwe kurusha ndege. Mkuu wa operesheni, Kanali William Pellerin, alikataa, akaridhika kumkaripia Holland kwa mdomo. McGeehan akaamua kwamba vijana wake hawataruka na Holland asipokuwamo yeye mwenyewe. Siku ya ajali, aliketi kiti cha rubani msaidizi.

Wapo watakaosema rubani wa kivita hafai akiwa mwoga, na kwamba Holland alisifika kwa ustadi. Alisifika, na sifa hizo ndizo zilizomponza: kila aliporudi salama, wakubwa waliona umahiri pale palipokuwa na bahati. Tena Yakima na Spokane hakukuwa na adui wa kumkwepa. Makamanda nao walibadilishwa mara kwa mara, na karipio la mdomo haliachi karatasi kwenye faili, hivyo aliyeingia ofisini aliweza kuliona kosa la nne kama la kwanza. Mwaka 1995 Pellerin alikiri mbele ya mahakama ya kijeshi kwamba alizembea kazini, akatozwa faini ya dola 7,500 na kupewa karipio, safari hii la maandishi.