Kiingereza cha Mlimani na Mwanafunzi wa Sayansi za Jamii

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango yake, mwezi wa Oktoba mwaka 1961, katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakutimia 20, wote wakisoma sheria, na shahada waliyoitarajia ilikuwa ni ya Chuo Kikuu cha London. Hapakuwa na aliyeona haja ya kuwafundisha Kiingereza, kwani kijana aliyefika daraja hiyo katika zama zile alikuwa amekwisha kusomeshwa kwa lugha hiyo miaka mingi, katika shule chache zilizochuja watoto kwa ukali, na aghalabu mbele ya walimu waliokuwa Waingereza wenyewe.

Hali iliendelea kuwa hiyo chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964 na masomo ya sanaa na sayansi za jamii yakaanzishwa. Hapo ndipo palipowaka majadiliano yaliyokipatia chuo kile sifa barani kote. Walter Rodney, aliyefundisha historia Mlimani, alitoa mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Na kabla ya hapo wanafunzi wenye siasa kali walikuwa wamekwisha kutoa jarida lao la Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, walakini makala zake ziliandikwa kwa Kiingereza, na vivyo hivyo karibu kila andiko la maana lililomzungumzia mkulima na mfanyakazi wa Tanzania katika miaka ile. Siwalaumu waandishi wale, maana walitaka kusikika Nairobi, Kampala na London pia. Lakini taathira yake ni kwamba elimu ya jamii yetu ilizaliwa katika lugha ambayo wengi wa jamii yenyewe hawakuweza kuisoma.

Wakati huo huo msingi ulikuwa ukibadilika kule chini. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, nayo ilikuwa hatua adhimu, ambayo mimi naihesabu miongoni mwa mambo mema makubwa ya taifa hili. Ila sekondari na chuo viliachwa vilevile, na mtoto akatakiwa avuke kutoka lugha moja hadi nyingine kwa ghafla afikapo kidato cha kwanza. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka vijana wapitie Jeshi la Kujenga Taifa na wafanye kazi miaka miwili kabla ya kuingia chuoni. Faida zake zilikuwa nyingi, lakini mtu aliyekaa miaka kadhaa akiandika barua za ofisi kwa Kiswahili na kuhutubia mikutano ya kijiji kwa Kiswahili alifika Mlimani Kiingereza chake kikiwa kimepata kutu.

Wahadhiri wakalalamika. Ndipo mwaka 1978 kikaundwa Kitengo cha Stadi za Mawasiliano katika Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, ili kumfundisha Kiingereza mtu mzima aliyekwisha kufaulu mitihani yote ya Kiingereza iliyotangulia.

Wanafunzi wa vitivo mbalimbali walikihitaji, lakini mzigo wa yule wa sayansi za jamii ulikuwa na uzito wake wa pekee. Mwanafunzi wa hisabati huweza kushikamana na tarakimu na kanuni hata lugha imponyokapo. Huyu hana ila maneno. Anapewa orodha ya vitabu vya kusoma kwa ajili ya semina, na humo mna mwandishi ambaye kwa kurasa mbili nzima anaieleza rai ya wapinzani wake, kwa adabu na ufasaha, kabla ya kugeuka kwa neno moja dogo na kuanza kuibomoa. Msomaji ambaye Kiingereza chake ni dhaifu hulipita neno lile bila ya kuliona, akafunga kitabu akiamini kuwa mwandishi anashikilia lile hasa analolipinga, kisha akaingia semina na kulitetea mbele ya wenzake. Kosa la namna hii halisahihishwi kwa kukariri nyakati za vitenzi. Lahitaji mwalimu aketi na mwanafunzi juu ya aya moja, amwulize ni nani anayesema hapa, dai li wapi na mfano u wapi, na kwa nini sentensi hii imeanza kwa namna ile. Na kwa kuwa hana imani na maneno yake mwenyewe, mwanafunzi huyo huyo akiandika insha hunakili sentensi za kitabu neno kwa neno, akahesabiwa kuwa ameiba, ilhali alichokuwa akikikimbia ni aibu ya kukosea.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 1967, akapita sekondari, Jeshi la Kujenga Taifa na kazini, alifika Mlimani takriban mwaka 1983. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti juu ya Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania, na katika wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima, chini ya asilimia 20 ndio waliokuwa na kiwango cha kusoma kwa wepesi hata vile vitabu vyepesi zaidi vya masomo yao. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Rais mwenyewe, Mwalimu Nyerere, aliyesoma historia na uchumi Edinburgh na kisha akaifasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, alitetea mwaka 1984 Kiingereza kibakie kwa sababu ya nafasi yake duniani. Ukaletwa mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiinua katika sekondari. Nadhani hapo ndipo nafasi ilipopotea, kwa maana ushahidi ulikuwa mezani, na aliyestahili kuutumia alikuwa bado ana nguvu ya kuutumia. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliyataja matumizi ya Kiswahili katika ngazi zote, lakini mihadhara ya uchumi na ya siasa haikubadilika lugha kwa ajili hiyo.

Hivyo mwanafunzi wa sosholojia bado huandika hojaji yake kwa Kiingereza ili msimamizi aipitishe, akaigeuza kwa Kiswahili ili mwanakijiji aielewe, akaandika majibu kwa Kiswahili chini ya mwembe, kisha akarejea chuoni kuyageuza tena kwa Kiingereza, na kila mvuko huacha nyuma kitu alichokusudia msemaji: dua, kejeli, au ile heshima iliyomfanya mzee asilijibu swali waziwazi. Hatimaye huitetea tasnifu mbele ya watahini ambao aghalabu Kiswahili ni lugha yao ya kila siku.

Wala hatuwezi kusema kuwa jambo jingine haliwezekani, kwa kuwa juu ya mlima ule ule Idara ya Kiswahili, tangu ilipoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha na kutahini kwa Kiswahili, ikaunda istilahi za isimu na fasihi kadiri ilivyozihitaji, na wanafunzi wake wakaandika tasnifu ambazo mwenye kuhojiwa, akipewa, aweza kuzisoma na kumwambia mtafiti pale alipomfahamu vibaya. Wanauchumi na wanasosholojia wa chuo hicho wanayo haki hiyo hiyo ya kuzungumza na waliowahoji, na njia yao imekwisha kulimwa na majirani zao.