"Ransack": Neno la Sheria Lililoangukia Mikononi mwa Wezi

Katika Kiingereza cha leo, "ransack" ni kazi ya wezi au askari waporaji: makabati yamefunguliwa, magodoro yamechanwa, nguo zimetapakaa sakafuni. Walioliunda neno hilo walikuwa na nia tofauti kabisa. Walitaka mwizi apatikane, na nyumba ya asiye na hatia isidhulumiwe.

Asili yake ni "rannsaka" ya Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking. "Rann" ni nyumba. Sehemu ya pili ina undugu na "seek", kitenzi cha Kiingereza cha kutafuta. Kupekua nyumba kulikuwa hatua ya kisheria, yenye masharti yake. Grágás, mkusanyo wa sheria za kale za Aislandi, una sehemu nzima kuhusu upekuzi huo. Sheria ya Gulating, huko magharibi mwa Norwe, iliwataka wapekuzi waingie na shati tu, bila kukaza mshipi, asije mmoja wao akapenyeza kitu na kudai amekikuta humo ndani. Warumi nao walikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, anaeleza jinsi mpekuzi alivyotakiwa kuingia uchi, amejifunga kitambaa kiunoni na kushika sahani, sharti ambalo Gaius mwenyewe aliliona kichekesho.

Mwaka 865 jeshi kubwa la Waviking lilitua Uingereza, na baadaye wengi wao wakafanya makazi mashariki na kaskazini mwa nchi. Ujirani ukaleta ndoa, biashara na maneno mapya. Hata "law", yaani sheria, Waingereza waliipata kwa wageni hao. Shairi la Kiingereza la mnamo 1250 linalosimulia Mwanzo na Kutoka linatumia "ransack" pale magunia ya ndugu zake Yusufu yanapopekuliwa moja baada ya jingine, hadi kikombe kikapatikana katika gunia la Benyamini. Hapo bado ni upekuzi wa mpangilio; hakuna uporaji.

Lakini tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa kimeanza kushika nafasi katika utawala na mahakama. Kutoka huko likaja "search", ambalo mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini cha kuzunguka. Ndilo lililokuja kuandikwa katika hati za upekuzi. "Ransack" likabaki bila hakimu wala masharti, na kufikia mwisho wa karne ya 14 lilikwisha kubeba pia maana ya kupora.

Skandinavia mambo yalikwenda vingine. Uswidi, polisi wakiingia nyumbani kwa mshukiwa wanafanya "husrannsakan": "hus" pia ni nyumba, imeongezwa mbele kwa kuwa "rann" ya kale ilikwisha kusahaulika. Aislandi, "rannsókn" ni uchunguzi wa polisi, na pia ni utafiti wa kisayansi. Taasisi ya taifa inayofadhili watafiti, Rannís, imechukua jina lake hapo.

Kwa hiyo mzizi mmoja unamtaja mporaji London na mwanasayansi Reykjavík. Kitendo cha kufunua kilichofichwa ni kilekile. Kinachotofautisha upekuzi na uporaji ni masharti anayofungwa nayo anayeingia mlangoni, na hilo watunga sheria wa Gulating walilijua walipomvua mpekuzi joho lake.